Tumbo Linalosumbua Kila Mara: Tujue Chakula Kinacholichokoza

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeyaandika ili wale ambao hawakufika nao wayasome, na vikundi viyatumie katika mikutano yao.



Tukikutana huwa tunazungumza juu ya kuku, mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo. Leo tutazungumza juu ya tumbo. Tena si tumbo lenye njaa. Ni tumbo ambalo limelishwa, na badala ya kushukuru linaanza vita.

Tumechagua jambo hili kwa sababu katika kutembelea vikundi tumeona kitu kinachojirudia. Mwanachama mzuri, mwenye bidii, anaanza kukosa mikutano. Ukiuliza unaambiwa, "Huyo tumbo limemshika tena." Ameshatibiwa taifodi mara nne, amiba mara tano, na minyoo hata hatuhesabu. Pesa za mbolea zimeishia kwenye duka la dawa. Halafu majirani wanaanza kumshauri: acha maharagwe, acha maziwa, acha mayai, acha mboga. Mwisho anakula ugali na chumvi, anakonda, na watu wanaanza kunong'ona juu yake.

Sisi ni wafanyakazi wa huduma za jamii, si madaktari. Hatutampima mtu hapa wala kumwandikia dawa. Tunataka kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kujua ni chakula gani kinachomchokoza, bila kuifukuza sufuria nzima. Jambo hilo halihitaji mashine. Linahitaji daftari na subira.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Kwenye kadi ya hospitali unaweza kuona herufi tatu: IBS. Maana yake ni utumbo unaokasirika haraka. Ukiuangalia utumbo huo hauna kidonda, hauna uvimbe, hauna mdudu. Lakini haufanyi kazi kwa utulivu. Unajikaza wakati usiofaa, na mishipa yake ya fahamu inasikia maumivu mahali ambapo tumbo la mwingine lisingesikia kitu.

Dalili zake wengi wenu mnazijua. Tumbo linasokota au linauma, na maumivu yanabadilika mtu akienda choo. Wengine wanahara, wengine wanafunga choo, wengine leo hivi na kesho vile. Tumbo linajaa gesi na kuvimba jioni hata nguo zinabana. Wataalamu walikubaliana mwaka 2016 kwamba ili ugonjwa uitwe kwa jina hili, maumivu yawe yanakuja angalau siku 1 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, na yawe yalianza miezi 6 iliyopita au zaidi. Kwa hiyo aliyeumwa tumbo juzi baada ya arusi, huyo hayumo.

Ugonjwa huu hupata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza mtu akiwa bado kijana. Kwa wengine huanza baada ya kuhara vibaya kwa sababu ya viini. Viini vinaisha, lakini utumbo unabaki na hasira. Yakadiriwa kwamba kati ya watu 10 waliougua tumbo kwa viini, karibu 1 hubaki hivyo. Basi wanaosema "Tangu nilipoharishwa mwaka ule sijawahi kuwa sawa" hawajitungii hadithi.

KWANZA HOSPITALI

Hapa tusikilizane vizuri. Kabla hujalishtaki tumbo lako kwamba lina hasira tu, ni lazima upimwe. Yako magonjwa mengine yanayofanana na hili, na hayo hayangojei. Usianze mambo ya daftari, nenda hospitali upesi, ukiona mojawapo ya haya:

1. Damu katika choo, au choo cheusi kama lami.
2. Kukonda bila sababu.
3. Homa, au kutokwa na jasho jingi usiku.
4. Kuhara kunakokuamsha usingizini, au kunakoendelea wiki nyingi bila kupumzika.
5. Chakula kukwama unapomeza, au kutapika kusikoisha.
6. Upungufu wa damu, au uvimbe unaoushika kwa mkono tumboni.
7. Shida hii kuanza kwa mara ya kwanza ukiwa umefika miaka 50.
8. Mzazi au ndugu wa tumbo moja kuwa na saratani ya utumbo.

Mama aliyekwisha kuvuka umri wa kuzaa, na sasa tumbo lake limevimba kila siku, naye aende. Inaweza kuwa ni ovari, wala si chakula. Na anayehara muda mrefu akubali kupimwa virusi vya Ukimwi na kifua kikuu. Hilo si aibu. Aibu ni kufa kwa ugonjwa unaotibika.

TAIFODI KILA MWEZI?

Hebu tuulizane: inawezekanaje mtu mmoja apate taifodi mara sita kwa mwaka? Kile kipimo cha damu kinachoitwa Widal hakitazami kiini chenyewe. Kinatazama alama ambazo mwili uliziweka ulipopigana. Alama hizo zaweza kubaki kutoka ugonjwa wa zamani, au kutoka kwa viini vingine. Kwa hiyo Widal peke yake haitoshi kusema mtu ana taifodi leo. Taifodi huja na homa ya siku nyingi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha viini kutoka kwa damu, na hicho hupatikana hospitali kubwa.

Amiba vilevile. Kuna amiba wa aina mbili wanaofanana kama mapacha chini ya darubini. Mmoja huleta ugonjwa, mwingine hukaa tu tumboni bila kumdhuru mtu. Ukiambiwa "una amiba" kila unapopimwa, na vidonge havikusaidii, rudi umwulize daktari kwa heshima: "Je, yawezekana ni jambo lingine?" Dawa za kuua viini zikimezwa ovyo zinaua hata vile vijidudu vizuri vinavyotusaidia kusaga chakula. Tena zinafundisha viini vibaya kutosikia dawa.

KWA NINI CHAKULA KICHOKOZE TUMBO?

Katika chakula kuna aina fulani za sukari ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Si lazima ziwe tamu mdomoni. Zimo katika vitunguu, ngano, maharagwe, maziwa na baadhi ya matunda. Zikibaki tumboni zinavuta maji, halafu zikifika utumbo mpana vijidudu vinazichachusha kama vile togwa inavyochacha, na gesi inatoka. Hayo hutokea kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba mwenye tumbo la kawaida hutoa hewa yake akaendelea na jembe. Mwenye tumbo lenye hasira huisikia gesi hiyo kama kisu.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, kule Melbourne, Australia, walizipa sukari hizo jina moja mwaka 2005: FODMAP. Wakatengeneza njia ya kuzipunguza kwa muda, kisha kuzirudisha moja moja. Njia hiyo imesaidia watu wengi katika nchi nyingi. Lakini ilitengenezwa kwa watu wenye duka kubwa karibu na mshauri wa lishe wa kuwaongoza. Sisi wenye shamba la nusu eka tuichukue kwa akili. Mtu ambaye protini yake ni maharagwe na kikombe cha maziwa, ukimwambia aache vyote kwa siku moja, umemponya tumbo na kumwua njaa.

DAFTARI LA TUMBO

Ninyi wa vikundi mnajua ule msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kisichoandika michango hugombana kila mwisho wa mwezi, kwa sababu kila mtu anakumbuka yake. Tumbo ni hivyo hivyo. Tunakumbuka chakula kimoja kikubwa, tunakishtaki, na mwizi wa kweli anakaa kando akitucheka.

Chukua daftari la shule. Piga mistari upate safu nne: saa, nilichokula na kiasi gani, tumbo lilifanya nini na saa ngapi, na jambo lingine la siku hiyo. Katika safu ya mwisho andika kama hukulala, kama mligombana nyumbani, kama ni siku zako za mwezi, au kama ni siku ya soko. Andika hivyo kwa wiki mbili bila kubadilisha chakula. Usijidanganye. Kama ulionja mandazi ya jirani, yaandike.

Tuchukue mfano:

Jumatatu. Asubuhi: chai ya maziwa vikombe viwili vikubwa na mkate. Saa nne tumbo lilianza kunguruma. Mchana: githeri. Saa kumi tumbo lilivimba. Jioni: ugali na sukuma wiki.

Jumanne. Asubuhi: uji wa wimbi bila maziwa. Mchana: viazi na mchicha. Jioni: ugali na samaki. Tumbo shwari.

Jumatano. Asubuhi: chai ya maziwa na chapati mbili. Saa tano msokoto, choo mara tatu. Mchana: wali na ndengu. Jioni: ugali na mboga. Usiku shwari.

Bila daftari, mtu huyu angesema Jumatatu, "Ni githeri!" Lakini soma tena. Tumbo lilianza kunguruma kabla githeri haijafika mezani. Na Jumatano msokoto ulikuja kabla ya ndengu. Kinachoonekana katika siku zote mbili mbaya, na hakipo katika siku nzuri, ni maziwa na ngano asubuhi. Hao ndio washukiwa wa kwanza. Bado si wenye hatia. Siku tatu hazitoshi, ndiyo sababu tumesema wiki mbili.

KUONDOA NA KURUDISHA

Ukishapata mshukiwa, fuata hatua hizi:

Hatua ya kwanza: ondoa chakula kimoja tu. Usiondoe vitano kwa pamoja, maana ukipata nafuu hutajua ni kipi kilichokuwa kinakusumbua. Kiondoe kwa wiki mbili huku ukiandika.

Hatua ya pili: kama hakuna mabadiliko, huyo hana hatia. Mrudishe mezani, umwondoe mshukiwa wa pili.

Hatua ya tatu: kama umepata nafuu, kirudishe chakula hicho kwa makusudi. Siku ya kwanza kidogo, siku ya pili zaidi kidogo, siku ya tatu kiasi chako cha kawaida. Tumbo likikasirika tena, umepata ushahidi. Watu wengi huiruka hatua hii kwa kuogopa. Kumbe ndiyo yenye faida, kwa sababu yaweza kuwa nafuu ililetwa na jambo lingine, kama shule kufunguliwa na karo kwisha kulipwa.

Hatua ya nne: tafuta kiasi. Mara nyingi tumbo halikatai chakula chenyewe, linakataa wingi wake. Nusu kikombe linakubali, vikombe viwili linakataa. Andika kiasi unachoweza, ukae hapo. Baada ya miezi kadhaa jaribu tena, maana tumbo hubadilika.

Wafuatao wasijaribu kuondoa chakula bila kumwona mhudumu wa afya kwanza: mtoto, mama mjamzito au anayenyonyesha, mtu aliyekonda, mwenye kisukari, na anayetumia dawa za kifua kikuu au za Ukimwi.

USIFUKUZE SUFURIA NZIMA

Tunamfahamu mama mmoja wa kikundi cha ufugaji wa kuku ambaye ametukubalia tuyaseme haya bila jina lake. Kila aliyemtembelea alimwachisha chakula kimoja. Alifuga kuku lakini hakula yai. Alipanda maharagwe lakini hakuyaonja. Alipokonda, kikundi chake kikaanza kukaa mbali naye, na yeye akaacha kuhudhuria. Tulimwomba kwanza aende hospitali, kwa kuwa kukonda ni dalili ya hatari. Alipimwa choo, damu na virusi. Ikaonekana kwamba hana ugonjwa mwingine. Alikuwa amekonda kwa kukosa chakula.

Ndipo akaanza daftari. Yeye haandiki vizuri, kwa hiyo alikuwa akisema na binti yake mwanafunzi akiandika kila jioni. Mayai hayakuwahi kuonekana katika siku mbaya hata moja. Maharagwe yaliyolowekwa, sahani ndogo, hayakumdhuru. Iliyomsumbua ilikuwa chai ya maziwa mengi na mandazi, anayokunywa mbiombio alfajiri kabla ya kubeba mzigo wa soko. Hajapona kabisa, na hatutaki kuwadanganya. Lakini amerudia mayai na maharagwe, uzito umerudi, na sasa anajua siku ya soko ale nini.

MAMBO YA JIKONI

Maharagwe. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Chemsha kwa maji mapya, mwaga tena, halafu pika mpaka yaive kabisa. Sehemu ya zile sukari za gesi huenda na maji. Magadi hulainisha tu, hayachukui nafasi ya kuloweka. Anza na vijiko vitatu pamoja na wali au ugali, uongeze polepole. Wengi huona ndengu ni nyepesi zaidi.

Vitunguu. Hivi, pamoja na kitunguu saumu, ndivyo vichokozi vikubwa kwa watu wengi, na viko katika kila mchuzi. Sukari yake huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika mafuta. Kwa hiyo kaanga vipande vikubwa vya kitunguu katika mafuta, harufu ikishatoka viondoe, ndipo utie nyanya na maji. Ladha inabaki, uchokozi unatoka. Yale majani mabichi ya kitunguu pia hayana shida, na dhania vilevile.

Maziwa. Watu wazima wengi Afrika hawasagi vizuri sukari ya maziwa, ingawa jamii nyingi za wafugaji huisaga. Kuyachemsha hakuiondoi sukari hiyo. Lakini maziwa lala na mursik yana sukari kidogo zaidi, kwa sababu vijidudu vimeshakula sehemu yake. Usikimbilie kuacha maziwa. Jaribu lala, au nusu kikombe pamoja na chakula.

Ngano. Chapati, mkate na mandazi huwasumbua baadhi ya watu. Hapa Mungu ametubariki, maana tuna mbadala shambani: ugali wa mahindi, wimbi au mtama, wali, viazi, nduma na ndizi za kupika.

Mboga na matunda. Sukuma wiki, mchicha na karoti mara nyingi hazina ugomvi. Kabichi iwe kidogo na iive. Embe, avokado na tikiti maji vyaweza kuchokoza vikiwa vingi, kwa hiyo wakati wa msimu wa maembe usile matano kwa mkupuo. Papai, chungwa, nanasi na ndizi ambayo haijaiva kupita kiasi huvumilika zaidi. Asali nayo iwe kidogo.

Pilipili, mafuta mengi, chai ya rangi kali, kahawa, soda na pombe si za lile kundi la sukari, lakini zinaamsha tumbo kwa njia zao. Chai isizidi vikombe vitatu kwa siku. Na anayefunga choo asikimbilie pumba za ngano. Kwa wengi zinaongeza gesi na maumivu. Uji wa shayiri laini na maji ya kutosha ni bora zaidi.

SI CHAKULA PEKE YAKE

Ndani ya utumbo kuna mishipa ya fahamu zaidi ya milioni 100, nayo huzungumza na ubongo mchana na usiku. Ndiyo sababu mtihani, deni au kesi ya shamba huleta choo cha haraka. Kusema hivyo si kusema kwamba ugonjwa ni wa kuwazia tu. Maumivu ni ya kweli. Lakini anayelala vizuri, anayekula kwa saa zake, anayeketi na kutafuna badala ya kumeza akikimbia, tumbo lake hutulia zaidi. Wengi wetu hukaa na njaa mchana kutwa, halafu usiku tunajaza tumbo kama gunia. Gawanya chakula hicho mara tatu. Tembea. Sali. Mwenye jambo moyoni amtafute mtu wa kumwambia. Mficha uchi hazai.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tumeona katiba za vikundi zinazotoza faini mtu akitoka mkutanoni bila ruhusa. Ni kanuni nzuri ya kuleta nidhamu. Lakini mfikirie mtu ambaye ni lazima atoke mara tatu. Atasimama mbele ya watu thelathini aombe ruhusa ya choo? Hapana. Ataona heri asije. Basi akikosa mkutano anatozwa faini ya kutokuja, akikosa mara tatu anapoteza zamu yake ya mkopo. Hivyo ndivyo ugonjwa usioua unavyomfanya mtu maskini.

Rekebisheni. Mwenye shida amwambie mwenyekiti faraghani, na siri iwe siri. Akae karibu na mlango, atoke bila kuuliza wala kucheka kwa mtu. Mahali pa mkutano pawe na choo safi, maji na sabuni. Na siku ya kula pamoja, wapishi watoe sahani chache za chakula kikavu kabla mchuzi wa vitunguu haujamwagwa juu ya kila kitu. Haigharimu hata shilingi.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza: Je, ugonjwa huu hugeuka kuwa saratani?
Jibu: Haugeuki. Lakini mwenye IBS anaweza kupata ugonjwa mwingine kama mtu yeyote. Ukiona dalili mpya katika zile nane, rudi hospitali. Usiseme, "Ni lile tumbo langu."

Mzee mmoja: Kwetu watu husema ni kitu umelishwa na mtu mbaya.
Jibu: Mzee, tunaelewa kwa nini husemwa hivyo, kwa sababu maumivu huja baada ya kula na hospitali haioni kitu. Lakini tumewaonyesha sababu. Daftari litakuambia ni chakula gani, wala si jirani gani. Nyumba ngapi zimevunjika kwa kushuku mkono uliopakua, kumbe ni kitunguu?

Kijana: Na zile dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa sokoni?
Jibu: Zinaharisha, na kuharisha si kusafisha. Tumbo lenye hasira ukilipiga mjeledi litakasirika zaidi. Zingine hujui zimechanganywa na nini.

Mama: Mtoto wangu wa miaka saba hulalamika tumbo kila asubuhi ya shule.
Jibu: Usimwachishe chakula. Mpeleke kliniki, apimwe minyoo na mengine. Halafu umwulize polepole kuna nini shuleni.

Mwanachama mwingine: Kuna dawa?
Jibu: Hakuna dawa ya kuung'oa, lakini zipo za kutuliza msokoto, za kuzuia kuhara na za kulainisha choo. Wengine hupewa na daktari dozi ndogo ya dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu. Ziandikwe na mhudumu aliyekupima, usiazime za jirani.

Mzee wa pili, watu wakicheka: Mtakatifu Paulo si alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo?
Jibu: Ni kweli, mzee, na Timotheo tunaweza kumwita ndugu yetu katika mateso haya. Lakini wakati ule maji ya kunywa yalikuwa ya mashaka, na alishauriwa kidogo. Busaa na muratina hazikutajwa. Wewe chemsha maji.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

1. Kila kikundi kimchague mtu mmoja wa kuwasaidia wasiojua kuandika daftari la tumbo.
2. Someni pamoja zile dalili nane za hatari, na mzibandike ukutani.
3. Zungumzeni: katika kanuni zetu za faini, kuna inayomwumiza mgonjwa?
4. Akina mama wawili wapike maharagwe kwa njia mbili, ya kuloweka na ya kutoloweka, kikundi kionje na kilinganishe.
5. Mwalikeni mhamasishaji wa afya wa kijiji aje awaeleze zahanati yenu inapima nini na siku gani.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mbuzi wa maziwa. Wenye daftari waje nazo. Hatutazisoma mbele ya watu, tutakaa na mwenyewe pembeni, tulitafute pamoja lile jina linalojitokeza kila siku mbaya.

Mungu awabariki, na awape chakula kinachokaa vizuri.